Njia Nane Mbele ya Nyumba ya Mama

Nyumba ya mama naiona, ila kuifikia ni kazi. Nikitokea Tabata, nikishaiacha Mbezi na kukaribia Kibamba, inajitokeza ng'ambo ya barabara, upande wa kulia: paa lenye bati zee upande mmoja na bati jipya upande mwingine. Siku nyingine namwona hadi mama mwenyewe uani, ameinama, anaanika kitu. Napiga honi. Hasikii, na hata angesikia asingejua ni mimi kati ya honi zote zile. Basi nampita. Lazima nimpite, maana katikati ya barabara wameweka kingo za zege, na mahali pa kugeuzia gari pako mbele huko, kwenye foleni ya malori yanayokwenda Zambia na Kongo. Kila Jumamosi nampita mama yangu kwanza ndipo nirudi kumsalimia. Nimejaribu kulizoea jambo hilo nimeshindwa.

Mimi si mtu wa kutulia, niseme mapema. Nafundisha shule ya msingi, na walimu wenzangu hunicheka kwamba hata mtihani nausahihisha nimesimama. Nyumbani kwangu ni vyumba viwili, naishi peke yangu, na kila baada ya muda nahamisha kabati kutoka ukuta huu kwenda ule bila sababu ya maana. Kwa hiyo foleni ya kugeuzia gari inanitesa kuliko inavyowatesa wengine. Naongea peke yangu. Nawatukana madereva wa malori ambao hawajanikosea kitu.

Baba alinunua kiwanja kile wakati Kibamba ni mashamba. Mikorosho, mananasi, nyumba moja moja. Barabara ya Morogoro ilikuwa na njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na pembeni kifusi chekundu kilichotuingia hadi kwenye sufuria. Lori moja likiharibika, nchi nzima inasimama. Baba alikuwa karani bandarini, anaondoka kabla hatujaamka na kurudi tumeshakula, lakini hakutaka kabisa kukaa karibu na kazi. Alitaka kukaa barabarani, nje ya jiji kuelekea bara. Nyumba aliijenga ikiangalia lami, sebule mbele, baraza mbele ya sebule, ili akikaa jioni aone mabasi yanayotoka kwetu Kilimanjaro. Aliyajua kwa rangi zake. Aliweza kusema lipi limechelewa.

Ndugu kutoka mlimani hawakuhitaji kuijua Dar es Salaam. Walimwambia konda awashushe Kibamba, kwenye nyumba yenye baraza refu, na walishuka pale pale mlangoni na vikapu vyao vya parachichi na ndizi, wengine wakakaa miezi. Sikumbuki nyumba ile bila mgeni. Nilikulia kwenye kelele za basi likifunga breki na mama akitoka jikoni huku anajifuta mikono.

Hifadhi ya barabara ilikuwepo kabla yetu, ndivyo tulivyokuja kuambiwa. Yaani ardhi pana huku na huku ya lami ilikwisha kutengwa, na sisi tuliokuwa tumejenga tulikuwa tumejenga ndani ya barabara ambayo bado haijafika. Sijui kama baba alilijua hilo. Aliyemuuzia alimwonyesha mpaka kwa kunyoosha mkono, kutoka mkorosho huu mpaka ule, na baba aliamini mikorosho. Alifariki kabla ya alama za X, za kuonyesha pa kubomoa, kuanza kupakwa, na nashukuru. Sidhani kama angeweza kukaa kimya.

Mama alikaa kimya, karibu mpaka mwisho. Wapimaji walikuja na futi kamba na kopo la rangi nyekundu. Nilikuwepo. Walipima kutoka katikati ya lami, wakapita barazani, wakaingia mlangoni, wakatokea ukumbini, na hapo ndipo kamba ikakoma. Wakaenda mbele wakapiga X kubwa kwenye ukuta wa sebule. Mama aliwafuata nyuma muda wote kama mwenye nyumba anayewatembeza wageni. Walipokuwa wanapanda gari lao, akawaita.

"Na ukuta wa jirani je?" akasema. "Mbona umelingana na wangu?"

Jirani huyo ni mzee wa Kihindi, Mshia, anayeuza marumaru na masinki. Kiwanja chake kinapakana na chetu ubavuni, kisha kinatuzunguka kwa nyuma hadi kutokea mtaa wa ndani. Yeye na baba walikuwa marafiki wa kweli. Kati ya viwanja viwili waliweka geti dogo la chuma, na kazi ya geti hilo ilikuwa kupitisha chakula. Mwezi wa Muharram lilikuja kwetu sinia la biriani. Krismasi, kwa kuwa nyama yetu haili, mama alimpelekea parachichi za kwetu, zile kubwa. Basi siku ile mzee alikuwa amesimama mbele ya duka lake, kikombe cha chai mkononi, akisubiri wapimaji waondoke. Alimsikia mama vizuri kabisa. Wapimaji wakashuka, wakavuta kamba tena, wakapiga X kwenye ukuta wake na kwenye chumba cha mbele alichoonyeshea bidhaa.

"Nilisema kweli," mama alisema baadaye, na alirudia mara nyingi. Ni kweli alisema kweli. Lakini hakuna aliyekuwa amemuuliza. Jioni ile kwenye geti dogo ikaning'inia kufuli, na salamu zikakatika.

Sebule tulibomoa wenyewe, maana ukisubiri mashine unapoteza hadi vioo. Tulimleta fundi akatoa bati, milango, grili, kila kinachotoka. Tukajenga ukuta mpya pale ukumbi ulipokatikia, na nyumba ya vyumba vingi ikabaki vyumba viwili na jiko. Kisha mashine zikaja kweli, na kwa muda mrefu mama aliishi ndani ya vumbi. Alifunika maji, alifunika chakula, alilala na kitambaa usoni. Mimi nilipiga simu kwa mtu huyu na yule, nikagombana na watu ambao hawakuwa na mamlaka hata ya kuhamisha jiwe.

Na barabara ilipofunguliwa, niseme ukweli, niliipenda. Njia nane! Siku ya kwanza nilikanyaga mafuta kutoka Kimara nikajikuta nimefika kabla sijamaliza kukasirika. Nilipiga makofi juu ya usukani. Jiji lote lilikuwa limekaa kwenye foleni ile tangu nikiwa mtoto, na sasa tunapita. Nilifika kwa mama nikiwa na furaha, nikaanza kumsifia barabara, akaniangalia tu.

Lami mpya ilikuwa imenyanyuliwa juu ya usawa wa uwanja wetu, na kati yake na sisi ulichimbwa mtaro mpana wa zege. Waliobaki na nyumba nzima waliwekewa vivuko. Sisi tulionekana ni mabaki. Mama alitandika ubao juu ya mtaro akawa anavuka. Halafu vikaja vyuma vya pembeni, vile vya kuzuia magari yasiporomoke, vikaziba mbele yote. Tangu hapo mama, na umri ule, alikuwa anainua gauni, anapanda chuma, anashuka upande wa pili, anakanyaga ubao, ndipo yuko kwake. Siku moja aliteleza akachubuka muundi wote. Aliufunga kwa kitambaa na hakunieleza, niliona nilipokuja.

Njia nyingine ilikuwa moja tu: mtaa wa ndani, kupitia uwanja wa jirani, hadi kwenye lile geti dogo. Bila geti lile mama asingeweza kuendelea kukaa pale. Kila mtu aliliona hilo, na mzee wa marumaru aliliona kuliko wote, kwani alimwona kila siku akipanda chuma.

Mimi nilikuwa na jawabu langu, na kila Jumamosi nililitoa.

"Mama, njoo ukae kwangu."

"Nikakae Tabata nifanye nini?"

"Upumzike."

"Wewe mwenyewe hujawahi kupumzika, utanifundisha mie?"

Alikuwa na sababu nyingi. Kanisa lake liko Kibamba. Kuku wake je. Kwangu kuna kitanda kimoja. Aliwahi kukaa kwangu mara moja alipougua, na tuligombana kuanzia chumvi hadi pazia. Hata namna ninavyofunga mlango ilimkera, na namna anavyokohoa asubuhi ilinikera mimi. Hata hivyo sikuacha kumwomba. Akikataa nilikasirika, nilinuna, nilimwambia ni mbishi. Na njiani kurudi nilijikuta naendesha kwa moyo mwepesi ambao sikuutafutia sababu.

Halafu wiki moja akanipigia simu niko kazini.

"Nimempelekea jirani isale," akasema.

Nilitoka nje ya ofisi ya walimu ili nisikie vizuri. Isale ni mmea wa kwetu, majani marefu ya kijani. Mlimani tunaupanda kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba yetu ya migomba, na tunaupanda juu ya makaburi ya wazee. Ukimkosea mtu, unakwenda kwake na isale ambayo jani lake umelifunga fundo. Huhitaji maneno mengi. Akipokea, yamekwisha, na hana ruhusa ya kukataa. Nimeona watu waliotaka kuuana wakikaa kula pamoja kwa sababu ya jani hilo. Mama alikuwa na isale kwenye ndoo nyuma ya jiko, aliyokuja nayo alipoolewa.

"Kapokea?" nikauliza.

"Kwa mikono miwili. Kanishukuru." Sauti yake ilikuwa ya msichana. "Jumamosi uje na gari. Uje nalo tupu."

"Nije nichukue nini?"

"Wewe njoo."

Gari nilidhani ni la kubebea gunia la mkaa au unga. Nilichokisikia mimi ni kingine: hatimaye mama amejishusha, ameomba njia, na mzee amepokea. Geti litafunguliwa. Wiki nzima nilikuwa mwepesi kama mtu aliyepona. Niliwaambia walimu wenzangu, nikawaeleza habari ya isale, nikajisifia kwetu.

Jumamosi nikafika, nikampita mama, nikaenda kugeuza, nikarudi. Safari hii sikusimama barabarani kwenye vyuma. Nilikata kona nikaingia mtaa wa ndani, nikapaki mbele ya ghala la marumaru, nikaingia uwanjani kwa jirani nikinyoosha moja kwa moja hadi kwenye geti dogo. Kufuli lilikuwa pale pale. Kutu imelila.

Damu ilinipanda. Kwetu mtu hafanyi hivyo. Kupokea isale kisha ukaacha mlango umefungwa ni jambo ambalo hata sijui linaitwaje, kwa sababu sijawahi kusikia limefanyika. Nikageuka nikaenda dukani kwake bila hata kuchungulia kwa mama.

Mzee alikuwa amekaa nyuma ya meza yake. Hasira haikunisahaulisha adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Karibu, karibu. Muda mrefu."

Nilikuwa nafungua mdomo nimwage yote, nikaiona. Isale ya mama ilikuwa kwenye chungu kizuri cha udongo juu ya meza, imemwagiliwa maji, majani yamepanguswa vumbi.

"Mama yako kaniletea ua," mzee akasema, na alikuwa amefurahi kweli. "Mie nilishangaa. Jani moja lilikuwa limejifunga fundo, maskini, nikalifungua taratibu. Ona lilivyonyooka."

Hasira yangu ikakosa pa kwenda. Nilikaa bila kukaribishwa kiti. Nikamweleza: hilo si ua la kupamba meza. Nikamweleza fundo ni nini, na kulifungua kwake, bila kujua, ni kulifungua neno lililokuwa limefungwa ndani. Nikamweleza kwamba mwanamke wa kwetu akibeba kitu kile amekubali mbele ya watu kwamba alikosa. Mzee alisikiliza huku ameliangalia lile jani. Alivua miwani.

"Kwa nini hakusema?"

"Kwetu hakisemwi. Kinapelekwa."

Alikivuta chungu karibu. "Marehemu baba yako nilikuwa nakula naye," akasema. "Siyo ukuta, binti. Ukuta ungebomolewa tu, leo au kesho, kila mtu alijua. Ila mama yako alinitaja mie nimesimama pale."

"Anajua. Ndiyo maana kaleta."

"Basi nimesamehe. Mwambie nimesamehe."

"Na geti?"

Akarudisha miwani usoni, akaniangalia kwa makini zaidi ya nilivyopenda. "Kusamehe ni jambo moja. Geti ni jambo jingine. Geti anaomba nani, yeye au wewe?"

"Sote," nikasema haraka. Kisha nikaongea sana, nadhani. Nikamwambia habari ya muundi, habari ya ubao, mvua zikinyesha itakuwaje, malori yanavyopita karibu na kichwa cha mama akipanda chuma. Nikamwambia mama hawezi kuishi mahali pengine, nyumba ile ndiyo yote aliyonayo, ukimtoa pale unamuua. Nililia kidogo. Sikuwa naigiza. Mzee akafungua mtoto wa meza, akatafuta, akanipa ufunguo.

"Paka mafuta kwanza, litasumbua."

Lilisumbua. Nilihangaika na kufuli lile hadi viganja vikawa vyekundu, lakini lilipofyatuka na geti likasukumika kwa mlio, niliingia uani kwa mama kama niliyeshinda vita. Nilikuwa nimeshika ufunguo juu.

Mama alikuwa ndani, amevaa gauni la kanisani. Kitanda kilikuwa kimefunguliwa, mbao zimeegemezwa ukutani. Godoro limekunjwa na kufungwa kwa kanga. Sufuria zilikuwa kwenye beseni, zimepangwa moja ndani ya nyingine, na picha ya baba ilikuwa juu yake imeviringishwa taulo. Kuku hawakuwepo, alikuwa amewagawa.

"Umechelewa," akasema. Kisha akatazama nyuma yangu. "Umepitia wapi?"

"Getini! Nimekupatia njia, mama. Mzee katoa ufunguo. Kasema amekusamehe na utapita kwake saa yoyote unayotaka."

Alikaa juu ya godoro lililokunjwa.

"Nani kakwambia nataka njia?"

"Si ulipeleka isale?"

"Isale nilipeleka nimuage. Nihame vipi na jambo lile bado liko kati yetu? Nilitaka nije kwako nikiwa nimemaliza." Akaushika ufunguo, akaugeuza upande huu na huu. "Nimechoka kupanda chuma, mwanangu. Nikasema kila wiki unaniita, leo nitakushangaza."

Aliendelea kuuangalia ufunguo, na nikaona jinsi wazo lilivyomjia, taratibu, bila ugomvi wowote.

"Kumbe umehangaika kote huko ili nibaki."

Nilitakiwa kusema hapana. Neno lilikuwepo, fupi, nimelitumia maisha yangu yote kwa kila mtu. Lakini kabla halijatoka niliona vyumba vyangu viwili, niliona beseni lile jikoni kwangu, nikasikia kukohoa kwake asubuhi. Ilikuwa pumzi moja tu. Mama amenizaa, pumzi moja inamtosha.

"Hapana, mama, twende," nikasema. "Twende, gari liko hapo mtaani, haya nipe." Nikabeba beseni. Nilisema maneno mengi, kwamba nimefurahi, kwamba nilifikiri ndivyo anavyotaka, kwamba kabati nitalihamisha. Yalikuwa ya kweli, na yalikuwa yamechelewa. Alinyanyuka akalishika beseni upande wa pili, tukawa tumelishika wote wawili.

"Weka chini," akasema kwa upole.

Tulifunga kitanda upya. Mimi nilishikilia mbao, yeye akakaza skrubu, kwa sababu alisema mimi huwa siziingizi vizuri. Alitandika. Akairudisha picha ukutani. Akapika chai, akaniuliza kama nimekula, akaniuliza habari za shule. Nilizunguka chumba kile kidogo kama ninayetafuta kitu, hadi akaniambia nikae, na nikakaa.

Jua lilipokuwa linashuka aliniambia niondoke kabla foleni haijaanza. Alinisindikiza kupitia geti dogo, akitembea bila kuinua gauni, katikati ya masinki na marumaru zilizopangwa. Mzee alitoka dukani alipotuona. Wakasalimiana wale wawili kwa kirefu, kwa mara ya kwanza tangu ile X, kila mmoja akaulizia afya ya mwenzake, na wote wakasema wazima.

"Asante kwa geti, mzee," mama akasema. Akaniwekea mkono begani. "Binti yangu ndiye kaniombea. Ananijali sana huyu."

Mzee alimtazama mama, akanitazama mimi, akabaki ananitazama. Nikamwambia shikamoo kwa mara ya pili siku ile, maana sikuwa na neno jingine.